Milimita Tatu

"Tazama juu, mzee. Juu kabisa, kama unayetafuta paa linavuja wapi."

Mzee akatazama juu. Mwanamke mwenye koti jeupe aliivuta kope yake ya chini kwa kidole kimoja, akapachika ncha ya kikanda cha karatasi kwenye kona ya nje, akaachia. Kikanda kikaning'inia shavuni. Akafanya vivyo hivyo jicho la pili, kisha akabonyeza saa aliyoivaa shingoni.

"Sasa fumba taratibu. Usikaze. Dakika tano."

"Dakika tano zako nazijua," mzee akasema huku amefumba. "Mwaka jana nililala papa hapa nikaota ndoto."

"Uliota nini?"

"Niliota zimekwisha."

Watu kwenye benchi nje ya mlango walicheka. Pale kliniki hakuna aliyemwita mwanamke yule kwa jina lake. Kwa wagonjwa alikuwa Dakika Tano, kwa wauguzi vilevile, na hata kwa Profesa siku alizoamka vizuri. Alikuwa msaidizi wa kliniki ya macho kwa miaka kumi na mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima machozi. Si yale ya kulia. Ni yale ya kila siku, yanayolainisha jicho bila mtu kujua kama yapo. Yakikauka, mtu huhisi mchanga machoni kutwa nzima, kisha kioo cha jicho huanza kuchubuka, kisha kidonda, kisha giza. Kikanda kikilowa milimita kumi na tano, nenda zako nyumbani. Kikilowa tano, una shida. Kikitoka kikavu, Dakika Tano alikuwa na namna yake ya kunyamaza ambayo wagonjwa wazoefu waliijua, na hawakuipenda.

Asubuhi hiyo alikuwa na mgeni. Alikuwa daktari, binti wa miaka thelathini hivi, kutoka hospitali nyingine ya safari ya siku nzima kwa basi. Kwa siku ya pili sasa alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na sinki, daftari mapajani. Miaka tisa iliyopita Profesa wa kliniki ile alikuwa ameandika makala kuhusu matone mapya ya jicho kavu: wagonjwa themanini na sita, miezi mitatu ya dawa, na machozi yao yakaongezeka kwa wastani wa milimita tatu. Hospitali ya mgeni ilirudia utafiti uleule kwa wagonjwa mara mbili ya hao, na matone hayakuongeza chochote. Profesa alipopata barua yao alicheka kwa sauti. "Tatizo ni mikono," alisema. "Leteni mtu wenu aje aone mikono inavyofanya kazi."

Mikono yenyewe ilikuwa ya Dakika Tano. Ndiyo maana tangu jana alikuwa akitembea kama mama wa bwana harusi.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Nje kwenye benchi, wa tatu kutoka mlangoni, alikaa dada yake mkubwa, fundi wa kushona, leso imegandamizwa kwenye jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikwisha kufa miaka mitatu nyuma. Lilibaki jeupe kama yai lililochemshwa. Hili la kulia ndilo lililokuwa limebaki la kutunga uzi, la kuvuka barabara na la kuwatambua watu, na tangu Jumapili lilikuwa jekundu na linauma. Profesa alikuwa chumba cha upasuaji mpaka saa nne na nusu.

"Umeweka matone?" Dakika Tano alikuwa amemuuliza asubuhi.

"Nimeweka hadi shingo imelowa."

"Endelea kuweka. Profesa akitoka, wewe ndiye wa kwanza."

Saa yake shingoni ililia. Akavitoa vikanda vya mzee, akachukua kalamu nyembamba na palepale akaweka alama mahali maji yalipoishia. Saba kulia, sita kushoto. Akaandika. Mgeni naye akaandika.

Wakati wa chai akampelekea dada yake kikombe, akarudi na kumkuta mgeni amefungua kompyuta yake juu ya meza ya vipimo.

"Njoo uone kitu, mama," mgeni alisema. "Hii ndiyo iliyotufanya turudie utafiti wenu."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mchoro wa miduara, mingine midogo kama punje za mtama, mingine mikubwa, yote imeunganishwa kwa nyuzi. Mgeni alieleza kwamba kabla ya kupima mtu yeyote, yeye na wenzake walikaa mwaka mzima wakihesabu tu: ni nani ameandika nini kuhusu uso wa jicho kwa miaka ishirini, na nani amemnukuu nani. Kila duara ni makala. Kadiri inavyonukuliwa na wengine, ndivyo linavyonenepa.

"Na hili?" Dakika Tano aliweka kidole karibu na duara moja la buluu, nene kuliko majirani zake wote.

"Hilo ni lenu."

Akavuta stuli akakaa. Kila Januari, kwenye chai ya kufungua mwaka, Profesa aliwatangazia mara ngapi makala yao imenukuliwa. Mwaka wa kwanza ilikuwa kumi na mbili. Mwaka huu ilipita mia nne, wakapiga makofi. Dakika Tano hakujua vizuri kunukuliwa kunafananaje; alidhani ni kama kusifiwa msibani, maneno mengi na huoni kitu. Kumbe kunaonekana. Alikuwa na nakala ya makala ile nyumbani, kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya watoto. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, waandishi walimshukuru "msaidizi wa kliniki kwa uangalifu wake". Jina hakuna. Haidhuru, mwenyewe alijijua.

"Na hii mingine hapa pembeni?" aliuliza. "Hii iliyokondeana?"

"Hizo ni tiba nyingine. Kutengeneza matone kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Kushona kona ya kope ili jicho lisikauke. Kabla ya makala yenu watu walikuwa wanaziandikia sana." Mgeni alipitisha kidole juu ya mchoro. "Baada yake, wote walihamia kwenye matone. Unaona nyuzi zilivyopinda?"

Aliona. Akajisikia fahari, na tuseme ukweli, fahari yenyewe haikuwa ndogo.

"Mama, nikuulize," mgeni alisema. "Jana wagonjwa walikuwa tisa, leo wanane. Ile miaka ya utafiti, siku za foleni kubwa ulikuwa unafanyaje? Maana dakika tano kwa kila mtu, na wewe ni mmoja."

Dakika Tano alicheka kama fundi aliyeulizwa habari ya chombo chake. Alifungua kabati, akatoa ubao wa mbao wenye vibanio vya kuanikia nguo, vimepigiliwa kwa mistari mitano, kila kimoja na namba chini yake.

"Nilitengeneza mwenyewe," alisema. "Mzunguko wa kwanza, kabla ya dawa, wagonjwa walikuja wawili, watatu kwa siku. Hapo hakuna shida, unatoa kikanda unaweka alama. Lakini baada ya ile miezi mitatu ya dawa, gari la mradi lilikuwa linawaleta pamoja, kila Jumatano, ishirini kwa mpigo. Ningefanyaje? Nikawa ninatoa kikanda, ninabana hapa kwenye namba ya mgonjwa, ninamwita mwingine. Wakiisha, ninakaa na mwanga mzuri, ninavisoma vyote kwa utulivu. Kuharakisha kazi ya watu si vizuri."

Mgeni hakuandika. Alikuwa ameinua kalamu, ikabaki hewani.

"Vilikaa muda gani kwenye ubao?"

"Inategemea. Nusu saa. Vya mwanzo, hata saa nzima na zaidi."

"Na kwenye makala," mgeni alisema polepole, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagika maji, "imeandikwa kwamba vikanda vyote vilisomwa papo hapo baada ya kutolewa."

"Nani ameandika hivyo?"

Mgeni alifunga daftari. Aliuliza kama anaweza kupimwa yeye. Akatazama juu, akawekewa vikanda, akafumba macho. Saa ilipolia, Dakika Tano alitoa kikanda cha kulia na kukiwekea alama palepale. Kumi na mbili. Mgeni akaomba kibanwe kwenye ubao.

Wakakitazama. Ile ncha iliyokunjwa, iliyokuwa imekaa ndani ya kope, ilikuwa bado imebeba maji, na maji hayajui kwamba kipimo kimekwisha. Yalivuka mstari wa kalamu. Yalikwenda taratibu sana, huwezi kusema umeyaona yakienda, lakini ukigeuza macho ukarudi, yapo mbele. Kumi na tatu. Kumi na nne. Baada ya robo saa yalisimama kwenye kumi na tano, ukingo wake umefifia.

"Tatu," mgeni alisema.

Dakika Tano alikuwa amekwisha kuona. Mzunguko wa kwanza, kalamu papo hapo. Mzunguko wa pili, ubao. Kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe, kabla na baada, na katikati ya kabla na baada hakikubadilika kitu ila vibanio vyake vya kuanikia nguo. Matone hayakuwa yameongeza machozi ya mtu yeyote. Ni karatasi tu iliyoendelea kunywa.

"Mama, si kosa lako peke yako," mgeni alisema haraka. "Hakuna aliyekuja kukutazama ukifanya kazi. Waandishi wa makala zote mia nne zile, hakuna hata mmoja aliyekuja."

Dakika Tano hakumsikia. Alikuwa anatazama mlango, na nyuma ya mlango lilikuwepo benchi.

Maana dada yake hakuwa ametumia matone yale kwa bahati. Miaka miwili iliyopita kulikuwa na daktari mzee pale kliniki, sasa amestaafu, aliyemwambia fundi kwamba anataka kumshona kona ya nje ya kope za kulia, jicho lifunguke nusu tu, libaki na unyevu wake. Dada aliogopa. Alikuja nyumbani kwa mdogo wake, akakaa kwenye kochi na mkoba mapajani, akauliza: "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Na Dakika Tano, akikuna nazi, bila hata kugeuka, akajibu: "Ya nini kujishonesha jicho na dawa ipo? Nimeipima mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu haya." Dada akaenda akamkatalia daktari.

Profesa alitoka chumba cha upasuaji saa tano kasoro, kofia ya kitambaa bado kichwani. Dakika Tano alimfuata ofisini na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alieleza yote akiwa amesimama. Ubao aliubeba kifuani.

Profesa hakupandisha sauti. Hakuwa mtu mbaya, na ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Mtu mbaya ungemjua pa kumshika. Alivua kofia, akajifuta nayo uso.

"Unakumbuka kwa hakika?" aliuliza. "Ni miaka tisa."

"Nakumbuka, Profesa."

"Pengine ubao ulikuwa wa siku moja mbili. Pengine siku nyingine ulisoma papo hapo. Mtu anaweza kusahau."

"Zilikuwa Jumatano tano. Zote nilitumia ubao."

"Kusahau si dhambi," alisema Profesa, taratibu, akimtazama. "Nataka ulielewe hilo vizuri. Hakuna atakayekulaumu kwa kusahau."

Kwenye korido mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Iliandikwa vilisomwa papo hapo," Dakika Tano alisema.

"Ndivyo inavyoandikwa. Makala zote za kipimo hiki zina sentensi hiyo."

"Lakini hukuniuliza."

Profesa aliikunja kofia yake. "Sikukuuliza," alikiri. Kisha akasema kwa uchovu kwamba matone yale sasa yamo kwenye mwongozo wa matibabu, kwamba wanafunzi sita wamepata shahada zao juu yake, kwamba barua ya yule binti itasomwa na watu ishirini na kusahauliwa na kumi na tisa. "Unataka nifanye nini?"

"Nje yuko dada yangu," alisema. "Ana jicho moja. Miaka miwili anatumia matone yetu, na mimi ndiye niliyemkataza kushonwa. Mwangalie kwanza. Ukishamwangalia, uniambie nimesahau."

Profesa akasimama.

Kwenye chumba cha giza fundi aliweka kidevu mahali pa kidevu. Profesa alimdondoshea rangi ya njano inayoonyesha vidonda, akawasha taa ya buluu, akainama kwenye darubini. Kwa kawaida alikuwa na porojo za kuwatuliza wagonjwa. Hapo hakuwa nazo. Alitazama muda mrefu. Kisha akampisha Dakika Tano atazame naye, ambalo lilikuwa jambo la kikatili au la heshima, hakuweza kuamua. Katikati ya kioo cha jicho kulikuwa na shimo la kijani linalong'aa, na chini yake kimebaki kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Linaelekea kutoboka," Profesa alisema. "Leo hii. Si kesho. Nitaweka kiraka, kisha nitazifunga kope zote. Si kona tu, mama, ni zote. Miezi mitatu, pengine zaidi."

"Na baada ya hapo nitaona?" dada aliuliza.

"Tukizifungua tutajua."

Walimpa gauni la kufungia mgongoni na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji. Dakika Tano alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na dakika chache, na hakujua pa kuanzia, basi akaanzia popote.

"Dada, ile dawa haifanyi kazi."

"Kwangu, au kwa watu?"

"Kwa watu. Haikuwahi kufanya kazi. Mimi ndiye niliyepima vibaya." Akaeleza, kuhusu ubao, Jumatano na maji yanayoendelea kupanda. Alieleza haraka na vibaya, lakini dada yake alikuwa fundi, na fundi anajua maana ya kupima kitambaa kikavu na kukipima tena kimelowa. Alielewa kabla hajamaliza.

"Ningeshonwa ile siku," dada alisema.

"Ndiyo."

"Kona tu."

"Kona tu."

Jicho lile jekundu lilikuwa linatiririka, na safari hii si kipimo wala nini. "Fundi naye anashonwa," akasema hatimaye, akacheka kidogo kwa pua, kicheko kisichokuwa na mtu ndani yake. "Ungenyamaza, ningejuaje?"

"Usingejua."

"Si ungengoja basi nitoke humo ndani? Unaniambia sasa, niingie nayo?"

"Nilitaka unione ninavyokuambia."

Dada akamtazama. Alimtazama kwa jicho lile moja, muda mrefu, paji la uso, mdomo, kola ya koti, tena mdomo, bila huruma na bila hasira. Muuguzi alikuja akashika kiti.

"Haya," dada alisema. "Nimekuona."

Upasuaji ulichukua saa mbili. Profesa mwenyewe ndiye aliyeshika sindano, na waliokuwa ndani walisema hawakuwahi kumwona akishona polepole vile.

Kesho yake mchana, mgeni alipita wodini na begi lake mgongoni, basi likimngoja. Dakika Tano alikuwa amekaa kando ya kitanda akimlisha dada yake uji. Mgeni alimsalimia mgonjwa kwa kumshika mkono, kisha akatoa karatasi mbili zisizo na mistari na kuziweka kwenye kabati la kitanda.

"Kama utapenda, mama. Andika tu ulivyokuwa unafanya, kwa maneno yako. Tutaiambatanisha na barua kwa jarida."

"Halafu?"

"Halafu huenda wakaiondoa makala. Huenda." Alisita. "Sitaki kukudanganya. Nimezihesabu. Kuna makala zilizoondolewa miaka kumi nyuma, na watu wanazinukuu mpaka leo. Hawarudi kuangalia."

"Na wagonjwa wanaotumia matone?"

Binti yule alitazama chini, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo. "Itachukua muda," alisema.

Alipokwisha kuondoka, Dakika Tano alimaliza kulisha uji. Asubuhi ya siku hiyo, Profesa alipopita na madaktari wanafunzi, alimsomesha kila mmoja jicho la dada kwa upole mwingi, na alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka sawasawa, kwamba miaka kumi na mmoja ya kusimama ni mingi, na kwamba kuanzia mwezi ujao Dakika Tano atahamishiwa chumba cha mafaili akapumzike. Mtu mwingine atafundishwa kupima. Hakutaja ubao. Ubao wenyewe, Dakika Tano alipokwenda kuutazama kabatini, haukuwepo.

Alivuta kabati la kitanda karibu, akaanza kuandika. Hakuwa mwandishi. Aliandika kama anavyojaza fomu, neno kisha kituo, neno kisha kituo. Wodi ilikuwa tulivu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. Dada yake alikuwa amelala chali, bandeji imemzunguka kichwa, ikiziba jicho lililoshonwa na lile jeupe pamoja, kwa kuwa muuguzi aliona ni rahisi kufunga hivyo.

"Unaandika nini?"

"Nilivyopima."

"Nisomee."

Akamsomea. Alisoma mzunguko wa kwanza na mzunguko wa pili, gari la mradi, vibanio, nusu saa, milimita tatu. Alisoma kwamba hakuulizwa. Alisoma kwamba anakumbuka kwa hakika. Ilikuwa karatasi moja na robo, na alipomaliza alijisikia mwepesi, akajichukia kwa wepesi huo.

Dada alitoa mkono nje ya shuka.

"Mimi simo," alisema.

"Dada, wewe hukuwa kwenye utafiti. Wale walikuwa themanini na sita. Wewe ulikuja baadaye."

"Nilikuja kwa sababu yao."

"Najua."

"Basi niandike."

"Siyo hivyo. Kule hawaandiki watu." Alikuwa anajaribu kueleza kwa upole. "Huwezi kukuta mtu kwenye makala. Hakuna fundi, hakuna dada wa fulani. Kila mgonjwa anakuwa namba."

Mkono wa dada ulipapasa juu ya shuka, ukapapasa ukingo wa kabati, ukaikuta karatasi. Vidole, vile vilivyozoea kutafuta pindo la nguo bila kutazama, vilitembea ukingoni mpaka vikafika mahali karatasi ilipokuwa bado ni laini, ambapo kalamu haijapita. Vikasimama hapo.

"Basi nipe namba," alisema.

Dakika Tano alishika kalamu. Dada aligeuza uso wake upande ule, akatulia, akingoja aisikie inaandika.